Vihisi kwenye madaraja yaliyozeeka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wahandisi, mafundi na watu wa halmashauri wenye madaraja ya chuma au zege ambayo umri umeanza kuyalemea. Kila jibu linajitegemea. Palipo na maelezo zaidi tumetaja namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Kihisi cha daraja kinapima nini hasa?

Hakipimi "uzima" wa daraja. Kinapima kitu kimoja mahali pamoja: chuma kimerefuka kiasi gani, nguzo imeinama kiasi gani, ufa umepanuka kiasi gani, boriti inatikisika mara ngapi kwa sekunde, joto ni digrii ngapi. Kutoka kwenye namba hiyo hadi kusema "daraja ni salama" kuna kazi ya mhandisi katikati, na kazi hiyo hakuna kifaa kinachoifanya.

Jambo moja huwachanganya wengi. Geji ya streni, yaani kihisi kinachobandikwa kupima kurefuka au kufupika kwa boriti, ikibandikwa leo kwenye boriti ya miaka 50, inaanza kuhesabu kutoka sifuri ya leo. Uzito wa daraja lenyewe, ambao boriti imeubeba tangu ilipojengwa, geji haiuoni kabisa. Inaona tu kinachoongezeka au kupungua baada ya kubandikwa: malori, joto, msingi kutitia. Uzito wa daraja unakokotolewa kwa michoro na vipimo, kisha unajumlishwa.

2. Tukifunga vihisi, wakaguzi bado wanahitajika?

Ndiyo, na pengine zaidi ya awali. Daraja la Forth Road huko Scotland lilifunguliwa 1964. Kebo zake kuu zilipofunguliwa miaka ya 2000 zikakutwa na kutu na nyuzi zilizokatika, vikafungwa vihisi vya sauti ili kusikiliza kila uzi unaokatika. Kazi nzuri. Lakini Desemba 2015 daraja lilifungwa kwa wiki kadhaa kwa sababu ya ufa katika kiungo cha chuma chini ya barabara, karibu na mnara, baada ya pini iliyotakiwa kuzunguka kukwama. Vihisi vya kebo havikuwa na namna ya kujua hilo, kwani vilikuwa vinasikiliza mahali pengine. Ufa ulionekana kwa macho ya mkaguzi.

Kihisi kinaangalia sehemu ndogo saa 24. Mkaguzi anaangalia daraja zima mara moja kwa muda. Moja haibadilishani na nyingine.

3. Daraja likifikisha umri gani linahitaji vihisi?

Hakuna umri. Silver Bridge ya West Virginia, Marekani, ilianguka 15 Desemba 1967 ikiwa na miaka 39 na kuua watu 46. Daraja la Morandi huko Genoa, Italia, lilianguka 14 Agosti 2018 likiwa na miaka 50 na kuua watu 43. Yapo ya karne ya 19 yanayofanya kazi vizuri. Kinachoamua ni ugonjwa unaoshukiwa, na kama daraja lina njia nyingine ya kubeba mzigo sehemu moja ikikatika. Silver Bridge ilining'inia kwenye vyuma viwiviwili tu kila pingili. Kimoja kilipokatika, cha pili hakikuweza kubeba.

Na kumbuka: ufa ulioiangusha ulikuwa na kina cha milimita 2.5 hivi, ndani ya tundu la pini ambako jicho halifiki. Geji iliyobandikwa mita moja pembeni isingeuona.

## Kuchagua vifaa

4. Tuanze na kihisi gani?

Anza na swali, siyo katalogi ya muuzaji. Andika kwenye karatasi moja: daraja hili linaweza kufa kwa nini? Kisha:

Kama wasiwasi ni malori mazito, funga geji za streni chini ya boriti katikati ya urefu wake, ambako mvutano ni mkubwa. Kama ni ufa unaojulikana, funga kipima ufa kinachovuka ufa wenyewe, pamoja na kipima joto. Kama ni beringi (kitegemeo kinachoiacha boriti isogee juu ya nguzo) au jointi (pengo la kutanukia), kipima mwendo kati ya boriti na nguzo. Kama ni mto unaochimba msingi, soma swali la 7. Kama ni nyaya za chuma zilizofichwa ndani ya zege, soma swali la 16. Kama ni chumvi ya baharini inayokula nondo, kama ilivyo kwa madaraja ya Mombasa na Dar es Salaam, geji za streni hazitakuambia mapema. Pima volti ya nondo dhidi ya elektrodi ya shaba na salfeti ya shaba. Usomaji ulio hasi kuliko milivolti −350 unaashiria kutu hai kwa uwezekano wa zaidi ya asilimia 90.

Kipima joto kinaingia kwenye kila mfumo. Bila hicho, nusu ya data yako haitasomeka (swali la 11).

5. Vingapi vinatosha?

Daraja jipya la St. Anthony Falls huko Minneapolis, lililofunguliwa 2008 mahali pa lile la I-35W lililoanguka mwaka mmoja kabla, lilijengwa na vihisi zaidi ya 300. Usilinganishe na hilo. Kwa daraja la kawaida la boriti lenye suala moja linaloshukiwa, vihisi 8 hadi 16 vilivyowekwa kwa akili vinazidi 100 visivyo na mtu wa kuvisoma. Weka viwili pale palipo muhimu zaidi, ili kimoja kikikosea cha pili kikisute.

6. Geji ya foili, geji ya waya unaotetema, au faiba?

Geji ya foili ni ya bei nafuu na ina kasi: inamwona kila lori likipita. Lakini ishara yake ni ndogo mno. Geji yenye ukinzani wa omu 350 ikivutwa maikrostreni 100, yaani sehemu 100 kwa milioni ya urefu wake, inabadilika kwa omu 0.07 tu. Waya mrefu ukipata joto la jua unaweza kubadilika kuliko hapo, na ukadhani daraja limevutwa. Tiba ni kuunganisha kwa waya tatu, au bora zaidi kutumia geji nne katika sakiti kamili ya Wheatstone, mzunguko wa pande nne unaopima tofauti ndogo za ukinzani.

Geji ya waya unaotetema inatoa masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) badala ya volti, kwa hiyo urefu wa waya hauisumbui. Hiyo ndiyo ya kuacha miaka 10 na zaidi. Udhaifu wake ni upole: ile ya kawaida inasomwa mara moja kwa sekunde kadhaa au dakika, haifai kukamata lori.

Faiba, uzi wa kioo unaopitisha mwanga, haipati kutu, haijali radi, na uzi mmoja unabeba vipimo vingi. Msomaji wake ndio ghali. Pia nyuzijoto 1 bila kusahihishwa inaonekana kama maikrostreni 8 hivi, na hapo bado hujahesabu chuma chenyewe kutanuka.

7. Mto unachimba msingi. Kihisi gani kitatuonya?

Hili ndilo linaloua madaraja mengi duniani, na ndilo linalosahaulika kwa sababu halionekani. Daraja la Schoharie Creek, New York, lilianguka 5 Aprili 1987 wakati wa mafuriko. Maji yalichimba chini ya msingi wa nguzo, watu 10 wakafa.

Ubaya wake uko hapa: shimo linachimbwa mafuriko yakiwa kileleni, kisha maji yakipungua mchanga na tope vinarudi kulijaza. Mkaguzi akija wiki inayofuata anakuta sakafu ya mto imesawazika, anaandika "hakuna tatizo". Kumbe nguzo imesimama juu ya mchanga laini usioshika chochote. Kwa hiyo kipimo lazima kichukuliwe wakati wa mafuriko yenyewe, masika yakiwa yamepamba moto.

Sona (kipima kina kwa mwangwi wa sauti) inayofungwa kwenye nguzo na kutazama chini inafanya kazi, ila maji ya tope yenye mapovu na magogo huiyumbisha. Kola ya sumaku inayoteleza kwenye bomba lililopigwa ndani ya sakafu ya mto ni ngumu zaidi kuharibika: inashuka kadiri shimo linavyozama na haipandi tena, hivyo inahifadhi kina kikubwa kilichofikiwa. Kwa bajeti ndogo, funga kipima mwinamo juu ya nguzo na kipima kimo cha maji. Mwinamo wa digrii 0.01 kwenye nguzo ya mita 10 ni kama milimita 1.7 kileleni, na vifaa vya leo vinauona. Elewa tu kwamba nguzo ikianza kuinama muda uliobaki unaweza kuwa mfupi sana. Kwa hiyo kimo cha maji peke yake kinatosha kuwa sababu ya kufunga barabara.

## Kufunga

8. Geji inabandikwaje kwenye chuma cha zamani?

Geji nyingi zinazokufa mapema zimeuawa siku ya kubandikwa. Utaratibu ni huu. Ondoa rangi na kutu kwenye eneo la milimita 50 kwa 50 hadi chuma king'ae. Piga msasa wa 220, kisha 400, kwa mikwaruzo inayokatana. Futa kwa asetoni na kitambaa safi, upande mmoja tu, usirudishe kitambaa kilikotoka. Endelea hadi kitambaa kitoke cheupe. Chora mstari wa mwelekeo kwa penseli ngumu. Bandika kwa gundi ya sianoakrileti, bonyeza kwa kidole gumba dakika nzima bila kutetereka.

Kabla ya kufunika, pima ukinzani kati ya geji na chuma. Ukipata chini ya megaomu 100, kuna unyevu au uchafu: bandua, anza upya. Usijidanganye kwamba itakauka. Kisha funika kwa mpira wa butili, karatasi ya alumini juu, na rudisha rangi mpaka kwenye kingo. Usifanye kazi hii alfajiri chuma kikiwa na umande, wala mchana wa jua kali ambapo gundi inaganda kabla hujaweka geji sawa. Funga waya kwenye boriti sentimita chache kutoka kwenye geji, ili upepo ukivuta uvute kifungo na siyo geji.

Kwenye zege tumia geji ndefu. Urefu uwe angalau mara 3 hadi 5 ya kokoto kubwa kuliko zote. Kokoto za milimita 20 zinataka geji ya 60 hadi 100. Geji fupi inapima kokoto moja, haipimi boriti.

9. Sola na betri za ukubwa gani?

Kokotoa, usikisie. Tuseme mfumo unakula wastani wa ampea 0.5 kwa volti 12. Kwa siku ni ampea-saa 12, yaani wati-saa 144. Ukitaka siku 3 za mawingu unahitaji ampea-saa 36, na betri ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo 72. Nunua ya 100. Paneli: saa 5 za jua zuri, upotevu asilimia 30, unapata wati 41. Nunua ya 80, kwa sababu vumbi la malori litaipunguzia nguvu na hakuna atakayepanda kuifuta kila wiki.

10. Data itakuwa nyingi kiasi gani?

Chaneli 16 kwa vipimo 100 kwa sekunde, baiti 4 kila kipimo, ni megabaiti 553 kwa siku. Laini ya simu kijijini haitabeba hiyo kwa bei ya kueleweka. Acha kinasa data kihifadhi yote kwenye kadi, kitume kwa mtandao kiwango cha juu, cha chini na wastani wa kila dakika 10, na rekodi kamili pale tu lori zito linapopita: sekunde 10 kabla, 20 baada.

## Kusoma namba

11. Namba zinapanda kila mchana na kushuka usiku. Daraja linaharibika?

Hapana, linapumua. Chuma kinatanuka kama maikrostreni 12 kwa kila nyuzijoto 1, zege kama 10. Boriti ya chuma ya mita 50 ikipanda nyuzi 20 kati ya alfajiri na alasiri inarefuka milimita 12. Mabadiliko hayo ya kila siku mara nyingi ni makubwa kuliko yale yanayoletwa na lori. Kwa hiyo usitafute ugonjwa kabla hujatoa joto.

Njia nyepesi: chora mchoro, joto la boriti kwenye mhimili wa ulalo, mwendo wa jointi kwenye mhimili wa wima. Daraja lenye afya linachora mstari mwembamba ulioinama, siku baada ya siku nukta zinaangukia hapo hapo. Tumia joto la chuma chenyewe. La hewa linadanganya, kwani jua la saa tisa alasiri linachoma sakafu ya juu huku boriti za chini zikiwa bado kivulini.

12. Beringi iliyokwama inaonekanaje?

Kwenye mchoro uleule wa swali la 11. Asubuhi joto linapanda, nukta zinatembea kwa usawa: mwendo uleule milimita 0, nyuzi 24, 26, 29. Halafu ghafla zinaruka milimita 3 kwa mpigo, na mafundi waliopo chini husikia mlio wa kama nyundo. Beringi imeshika, nguvu imejazana, kisha imeachia. Mstari mwembamba umegeuka ngazi.

Ngazi hizo zikitoweka na kubaki mstari wa usawa tu, usifurahi kwamba "imetulia". Sasa haiachii kabisa na nguvu yote inaingia kwenye nguzo. Daraja la Hammersmith, London, la 1887, limepitia hilo: beringi zilizokwama zilikuwa sehemu ya sababu ya nyufa kwenye vitako vya chuma cha kutupwa. Magari yalizuiwa Aprili 2019, na joto kali la Agosti 2020 lilipopanua nyufa, hata waenda kwa miguu wakazuiwa. Walirudishwa Julai 2021, baada ya vihisi kufungwa na mfumo wa kudhibiti joto kuwekwa.

13. Je, mtikisiko unaweza kutuambia daraja limedhoofika?

Unaweza, ila usitarajie mengi. Ugumu wa boriti ukipungua asilimia 10, masafa yake ya asili yanashuka kama asilimia 5. Joto nalo linaweza kuyasogeza kiasi hichohicho. Daraja la Z24 la Uswisi lilipimwa karibu mwaka mzima, 1997 hadi 1998, kabla ya kubomolewa: baridi ilipogandisha lami, masafa yalipanda kwa kiasi cha kufunika dalili za uharibifu. Pima mwaka mzima kwanza.

14. Jaribio la lori linafanywaje?

Chukua tipa la ekseli 3 lililojaa, lipime mizani kila ekseli peke yake. Lipitishe kwa kilomita 5 kwa saa katikati, kisha ukingo wa kushoto, kisha wa kulia, mara 3 kila njia, barabara ikiwa imefungwa kwa wengine. Rudio zikitofautiana zaidi ya asilimia 5, tafuta geji mbovu kabla ya kutafuta boriti mbovu. Kwenye chuma, maikrostreni 100 ni megapaskali 21. Namba ikirudi sifuri lori likitoka, vizuri. Isiporudi, rudia alfajiri kabla jua halijaingilia.

Ukishamaliza, geji hizohizo zinaweza kukadiria uzito wa malori yanayopita kila siku. Kikomo cha Afrika Mashariki ni tani 56 kwa gari zima, na mhandisi wa daraja anafaidika kujua ni mangapi yanavuka juu ya hapo usiku.

15. Kengele iwekwe kiwango gani?

Viwili. Cha njano kinatokana na data: chochote kinachotoka nje ya tabia ya mwaka mzima baada ya kutoa joto. Chekundu kinatokana na hesabu ya nguvu ya daraja, na hakihusiani na tabia. Kabla ya kuwasha kengele andika jina la cheo cha anayepigiwa, naibu wake, na mamlaka ya kufunga barabara bila kusubiri kikao. Kengele inayolia mara 5 kwa wiki bila sababu itazimwa na mtu mwezi wa pili. Irekebishe siku ya kwanza inapolia bure.

## Hali ngumu

16. Nyaya zimefichwa ndani ya zege. Tutajuaje zinakatika?

Kwa kusikiliza. Uzi wa chuma ukikatika unatoa mshindo mfupi ambao vihisi vya sauti kwenye zege vinaupata, na tofauti ya muda kati ya vihisi inaonyesha ulipotokea. Sehemu moja ya daraja la Carola, Dresden, Ujerumani, ilianguka usiku wa kuamkia 11 Septemba 2024, dakika chache baada ya tramu kupita. Nyaya zilikuwa zimepata kutu ya kupasuka chini ya mvutano. Baada ya hapo sehemu zilizobaki zilifungwa vihisi vya sauti, vikasikia nyaya zaidi zikikatika.

Lakini vihisi hivi vinahesabu kuanzia siku ya kufungwa. Nyaya zilizokatika jana havizijui.

17. Hatuna michoro ya daraja. Tufanyeje?

Pima boriti zote kwa mkono, tafuta nondo kwa skana, kata sampuli chache za zege, kisha fanya jaribio la swali la 14. Bila vipimo hivyo, kiwango chekundu hakiwezi kukokotolewa.

18. Wizi, radi na wadudu?

Nyaya za shaba zinaibwa, paneli zaidi. Pitisha nyaya ndani ya boriti, weka paneli juu ya nguzo ndefu yenye boliti za vichwa vya kukatika, na ajiri mtu wa kijiji jirani awe mlinzi. Kwa radi, vizuia mshtuko kila mwisho wa waya na ardhi (njia ya kupeleka umeme ardhini) moja ya pamoja; ardhi mbili tofauti ni hatari. Mavu hujenga ndani ya makasha: ziba kila tundu, hata la milimita 5.

19. Kihisi kimenyamaza siku 3. Daraja limetulia au kihisi kimekufa?

Kihisi hai hakinyooki kamwe. Kina mtetemo mdogo na wimbi la joto la kila siku. Mstari ulionyooka kabisa ni waya uliokatika. Panga programu ya kinasa itume onyo hata kwa ukimya.

20. Ni lini tusifunge vihisi kabisa?

Pale ambapo mkaguzi ameshaandika kwamba boriti imeliwa na kutu nusu unene. Hapo fedha iende kwenye kubadili boriti, na barabara izuiwe uzito leo hii. Pia ukishajua mto umeshaingia chini ya msingi: peleka mawe na zege kabla ya mvua, ndipo ufikirie vifaa. Na kama hakuna mshahara wa mtu wa kusoma data mwaka wa pili na wa tatu, nunua ngazi, taa na kipimo cha ufa cha plastiki, mpeleke mkaguzi kila mwezi.